Asubuhi Siwezi Kukunja Ngumi, Mchana Nashona: Nyumbani Wanasema Najifanya

Salaam aleikum, Sista.

Nakuandikia kutoka Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nina miaka 34, nina mabinti wawili, na kazi yangu ni cherehani. Mume wangu ni dereva wa lori. Hupeleka mizigo Koboko, mara nyingine huvuka hadi Ariwara upande wa Kongo, kwa hiyo siku nyingi nyumbani tuko mimi, watoto na mama mkwe.

Ugonjwa wangu ulianza binti wa pili akiwa bado ananyonya. Vidole vya mikono yote miwili vilivimba kwenye vifundo, kisha viwiko vya mikono, kisha magoti na nyayo. Nikiamka siwezi kukunja ngumi. Binti yangu mkubwa ndiye anayenifunga vifungo vya gauni kabla hajaenda shule. Lakini ikifika saa sita mchana mikono inalegea kidogo, nami naketi kwenye cherehani, maana sare za shule hazingoji. Hapo ndipo maneno yanapoanzia. Mama mkwe anasema: kwenye kazi za nyumba anaumwa, kwenye kazi ya pesa amepona. Mawifi wanaongeza yao. Mume wangu hakuwa mtu wa maneno hayo, ila siku hizi wakiyasema naye ananyamaza tu.

Nimetibiwa sana, Sista. Mahali pa kwanza walinipima wakasema ni brusela, ile homa inayotoka kwa mifugo. Nikachomwa sindano, nikameza vidonge mpaka vikaisha, maumivu yakarudi. Wakapima tena, wakasema bado ni brusela na taifodi imeongezeka. Kwingine wakasema ni baridi, niache kufua kwa maji baridi na nisikae sakafuni. Mzee mmoja alinichanja chale magotini akapaka dawa. Kisha jirani akaniletea unga wa mitishamba kutoka sokoni, na unga huo ulinisimamisha kweli! Baada ya siku chache nilikuwa natwanga. Lakini uso ukanenepa ukawa duara, na kila nilipouacha nililala hoi, siwezi hata kugeuka. Unga ulipoadimika nikaanza kununua vidonge duka la dawa, wanakufungia kwenye kikaratasi: deksa kimoja, diklo kimoja, na kingine cheupe nisichokijua jina. Ndivyo nilivyoshona sare zote za mwaka huu.

Mwishowe kaka yangu aliuza mbuzi akanipeleka Kampala. Daktari alinibonyeza kidole kimoja kimoja, akapima damu, akapiga picha ya mikono, akasema nina baridi yabisi, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo. Akaniandikia methotreksati vidonge sita kila Ijumaa, asidi ya foliki na prednisoloni kidogo, akasema nirudi kila mwezi. Kila mwezi, kutoka Arua! Basi la usiku, pa kulala, vipimo, chakula. Nilirudi mara moja, baada ya hapo sikuweza.

Vidonge vilipoisha nilizunguka mjini mpaka nikavipata. Dada wa dukani akanitazama akasema, "Mama, hii ni dawa ya kansa, itakumaliza ini." Juu ya bahasha akaandika kimoja kila siku. Nikawa sijui nimfuate nani. Nilipopata kikohozi, kituo chetu cha afya walinipa Septrin, dawa ya kuua bakteria, na kuhusu dawa za Kampala wakaniambia nikawaulize wa Kampala. Sasa kinywa kimejaa vidonda, hata chai inanichoma. Nadhani ni joto la dawa nyingi.

Shemeji yangu amesikia kuna dawa ya maji ya maumivu inayotolewa na hospisi, wale wanaowahudumia wagonjwa mahututi, anasema niende nikaiombe niachane na haya yote. Mume wangu anataka mtoto mwingine, na mimi pia nataka. Nifanye nini? Niache hii dawa ya kansa? Nirudi kwenye vidonge vya dukani ambavyo angalau vinaniwezesha kushona? Na nyumbani niwaambie nini?

Mama Cherehani, Arua

*

Waaleikum salaam, mama.

Kuhusu vidonda vya kinywani tuliongea kwa simu siku ileile barua yako iliponifikia. Umenieleza kwamba ulikwenda hospitali ya rufaa, damu ikapimwa, na methotreksati imesimamishwa kwa muda. Alhamdulillahi. Nayaandika tena hapa kwa sababu najua wako wengine wanaosoma ukurasa huu wenye vidonge hivyohivyo ndani ya sanduku.

Methotreksati ya viungo humezwa mara moja kwa wiki, siku moja inayojulikana, basi. Ukiimeza kila siku inakuwa sumu, na watu wamekufa kwa kosa hilo katika nchi nyingi, hata zenye hospitali kubwa kuliko zetu. Dawa hii hupunguza kasi ya chembe za mwili zinazozaliana haraka. Ngozi laini ya kinywa na uboho unaotengeneza damu ni sehemu zinazozaliana haraka mno, kwa hiyo kinywa hupiga kelele mapema, na kikisema, huenda damu nayo imeshaanza kupungua. Joto la dawa halihusiki. Vidonda mdomoni, homa, michubuko isiyo na sababu, kuharisha kusikokoma, kikohozi kikavu chenye kukata pumzi: lolote kati ya haya likimpata mtu anayemeza methotreksati, asimeze tena mpaka aonwe, na aonwe siku hiyohiyo.

Septrin ndiyo iliyozidisha hatari. Dawa hizi mbili zinabana njia moja mwilini, ile ya kutumia foliki, vitamini inayosaidia kutengeneza damu, na zikikutana zinaweza kuangusha damu ghafla. Hapa kwetu Septrin iko kila mahali. Anapewa mwenye kikohozi, anapewa mwenye kuharisha, na baadhi ya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi huimeza kila siku kama kinga. Kwa hiyo, mama, kila dirisha la dawa utakalosimama kuanzia leo, kabla hujataja ugonjwa wako sema, "Nameza methotreksati, sipewi Septrin." Zipo dawa nyingine za kikohozi. Na kikohozi chenyewe kama kimepita wiki mbili kipimwe kifua kikuu, kwa sababu dawa zako zinalegeza kinga.

Kuna jambo jingine dogo linalonitia hofu. Methotreksati na asidi ya foliki mara nyingi ni vidonge vidogo vya manjano vinavyofanana sana. Ukivimimina kwenye kopo moja umejitafutia balaa. Kila kimoja kikae mahali pake, na kwenye kopo la methotreksati bandika karatasi yenye neno IJUMAA kwa herufi kubwa, ili hata binti yako akikuletea dawa ajue.

Sasa hilo la kansa. Ni kweli dawa hii hutibu kansa, ila mara nyingi kwa dozi kubwa sana zinazotiwa hospitalini kwa mshipa. Dozi ya viungo ni ndogo: vidonge vyako sita vya miligramu 2.5 ni miligramu 15 kwa wiki nzima. Marekani waliiidhinisha kwa baridi yabisi mwaka 1988, Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu, na duniani kote ndiyo madaktari wa viungo wanayoanza nayo. Ini linaweza kuguswa, ndiyo maana damu hupimwa. Kabla ya kuianza tena hakikisha umepimwa homa ya ini aina ya B, ugonjwa ambao kaskazini na West Nile, eneo la Arua, tunaufahamu vizuri, kwa sababu dawa hii inaweza kuuamsha. Tena ujue kwamba haifanyi kazi upesi. Huchukua wiki 6 hadi 12 kabla mgonjwa hajaona tofauti, na katika wiki hizo anachokiona ni kichefuchefu tu. Wengi huiacha hapo, wiki chache kabla haijaanza kuwasaidia, na inaniuma kila ninapolisikia. Kichefuchefu hupungua ukiimeza usiku baada ya kula, na asidi ya foliki usiiruke.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba methotreksati usiitupe. Isubiri mpaka daktari aone damu imerudi sawa, kisha yeye aamue siku ya kuianza tena na kwa dozi gani.

Vile vidonge vya kwenye kikaratasi ni habari nyingine. Deksa ni steroidi, ndugu ya prednisoloni yako ila yenye nguvu zaidi. Unga wa sokoni siwezi kuuapia bila kupimwa, lakini unga unaomsimamisha mgonjwa ndani ya siku chache, unaomjaza uso, na unaomlaza hoi akiuacha, mimi naushuku kwamba umechanganywa na steroidi hiyohiyo. Inafanywa, na si Uganda peke yake. Steroidi inatuliza uvimbe haraka, nami siitukani, kwani daktari alikupa kidogo makusudi ili ikushike mkono wakati methotreksati inajiandaa. Ubaya ni kuimeza miezi na miezi bila mtu anayekupimia. Inakula mifupa, inapandisha sukari na presha, inafungua mlango kwa maambukizi, na ikiungana na diklofenaki, ile diklo yako ya kutuliza maumivu, tumbo linaweza kutoboka. Diklofenaki yenyewe huumiza figo, na figo zikichoka methotreksati inabaki mwilini muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa. Lakini usiiache steroidi kwa siku moja! Mwili uliozoea kuipata husahau kutengeneza ya kwake, na ukiikata ghafla unaweza kuanguka. Mwambie daktari ukweli wote wa deksa na unga, bila aibu, ili akupunguzie hatua kwa hatua.

Nyumbani wanasema unaumwa asubuhi na kupona mchana. Mama, wamekuelezea ugonjwa wako vizuri kuliko ulivyoelezwa mahali pa kwanza ulipotibiwa. Ugumu wa viungo unaokaa saa nzima au zaidi baada ya kuamka, kisha ukalegea kadiri mtu anavyosogeza mwili, ni alama ya baridi yabisi. Mtu aliyechoka kwa kazi, au mzee ambaye magoti yamelika, kwa kawaida huamka akiwa nafuu na kuumia jioni. Wewe umekuwa kinyume, na kwa pande zote mbili za mwili, na kwenye vifundo vidogo vya vidole. Mwulize mama mkwe kwa upole, siku mume wako yupo: je, mvivu angechagua kufungiwa vifungo na mtoto wa shule? Ila maneno yako peke yake hayatatosha, nawajua mama wakwe. Safari ijayo ya hospitali nenda na mume wako, aingie chumbani, asikie daktari akiyasema, aone picha ya mikono. Nimeona wanaume wengi wakibadilika wakiwa kwenye benchi lile kuliko kwa vikao vya ukoo vya mwaka mzima. Amekuwa akinyamaza pengine kwa sababu naye haelewi anachokitazama.

Wala hujarogwa, na maji baridi hayakukuletea ugonjwa. Yanaweza kuzidisha maumivu ya siku, basi. Ugonjwa huu huwapata wanawake mara mbili hadi tatu kuliko wanaume, na miezi ya baada ya kujifungua ni wakati unaojulikana wa kuanza kwake.

Nije kwenye neno lililonifanya niichague barua yako, nalo ni "kila mwezi, kutoka Arua."

Hospitali iliyokuambia hivyo haikukosea kitabibu. Mgonjwa ambaye ugonjwa wake bado unawaka anapaswa kuonwa kila mwezi au kila miezi mitatu, dawa ikiongezwa mpaka viungo vitulie, na damu inapaswa kupimwa kila wiki mbili hadi nne katika miezi mitatu ya kwanza, baadaye kila miezi miwili au mitatu. Lakini kumwambia fundi wa nguo anayeishi zaidi ya kilomita 450 afanye yote hayo Kampala ni kumwambia asitibiwe. Madaktari bingwa wa viungo nchini ni wachache mno, karibu wote wako Kampala, na hawataongezeka kesho. Kinachoweza kubadilika kesho ni kugawana kazi: bingwa afanye ya bingwa, yaliyobaki yafanyike karibu na nyumba ya mgonjwa.

Uganda tunajua kufanya hivyo. TASO, shirika la kuwasaidia wanaoishi na Ukimwi, ilianzishwa mwaka 1987, wakati hapa kwetu hakuna dawa ya Ukimwi, na ilianza kwa watu kushikana mkono tu. Leo mtu anayeishi na virusi, afya yake ikiwa imetulia, anapewa dawa za miezi mitatu, hata sita. Wengine wamejiunga katika vikundi, mmoja anakwenda kituoni kuwachukulia wenzake. Ana faili, ana tarehe, ana mtu anayemtafuta asipotokea. Mgonjwa wa viungo naye ana ugonjwa wa maisha, lakini anapokelewa kila mara kama mgeni: daftari jipya, maelezo mapya, brusela mpya. Hilo linanichoma moyo. Ugonjwa huu ukikamatwa katika miezi ya mwanzo mikono inaweza kubaki minyoofu, ila kila mwezi unaopotea kwenye sindano za kubahatisha mifupa inaendelea kulika, na kilicholika hakirudi.

Kwa hiyo wewe binafsi fanya hivi. Nunua daftari moja gumu, liwe la viungo tu. Ukurasa wa kwanza andika jina la ugonjwa, dawa zote na siku zake, na maneno "hapewi Septrin." Hospitali ya rufaa ya hapo Arua ina maabara na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Omba upatiwe daktari mmoja wa kitengo cha magonjwa ya ndani atakayekushika, hata kama si bingwa wa viungo. Vipimo vya chembe za damu, ini na figo vifanyike hapo, matokeo uyapige picha na kuyatuma kwa simu kwa kliniki yako ya Kampala. Kabla ya kuondoka Kampala safari ijayo omba mambo mawili bila kuona haya: dawa za miezi mitatu, na barua ya kumpa daktari wa Arua, inayosema lengo ni nini, dozi iongezwe lini, na matokeo ya aina gani yamfanye apige simu. Barua hiyo ni haki yako. Wakisema hawaandiki, mwombe daktari alizungumze neno hilo na mwenzake kwa simu ukiwa umekaa palepale.

Halafu kuna kipimo kisichohitaji mashine hata kidogo, nami natamani kila muuguzi nchini akijue. Yule daktari aliyekubonyeza kidole kimoja kimoja alikuwa akihesabu. Viungo 28: mabega mawili, viwiko viwili, vifundo viwili vya mikono, vifundo kumi vya mwanzo wa vidole, kumi vya katikati ukijumlisha na vya dole gumba, na magoti mawili. Anahesabu vingapi vinauma akibonyeza, na vingapi vimevimba. Namba hizo mbili zikiandikwa kwenye daftari lako kila mwezi, pamoja na dakika za ugumu wa asubuhi, mtu yeyote atakayelifungua ataona kama unapanda au unashuka. Muuguzi wa kituo cha afya akifundishwa mara moja anaweza kuifanya kazi hiyo muda mfupi tu, na Kampala wakapokea namba hizo badala ya kukupokea wewe. Nyayo hazimo kwenye 28, kwa hiyo zako zitaje mwenyewe.

Kuhusu dawa ya maji. Shemeji yako anazungumzia mofini. Hospice Africa Uganda ilianzishwa mwaka 1993, na kwa kazi yao na ya serikali mofini ya kunywa inatengenezwa hapahapa nchini na hutolewa bure kwa wagonjwa wenye maumivu makali, hasa wa kansa. Tangu 2004 sheria inawaruhusu hata wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, kuiandika. Ni jambo la kujivunia, maana nchi nyingi tajiri kuliko yetu zinawaacha watu wao wakilia. Ila kwako si mahali pa kuanzia. Mofini ingekuondolea maumivu huku viungo vikiendelea kuharibika kimyakimya. Ninachotaka tuchukue kutoka hospisi ni ule uungwana wa kumwuliza mgonjwa "maumivu ni mangapi leo?" na kuliandika jibu lake. Siku maumivu yakizidi, parasetamoli kwa dozi sahihi ni salama zaidi kuliko kikaratasi cha dukani. Na kama uvimbe utatulia halafu maumivu, uchovu na kukosa usingizi vibaki, usijione kichaa. Hutokea, yana matibabu yake, na mazoezi ya taratibu ni sehemu kubwa ya matibabu hayo. Huzuni nayo ni ya kumweleza daktari, haitajiondokea.

Asubuhi loweka mikono kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, ukiifungua na kuifunga humo ndani. Mpini wa mkasi uviringishie mpira wa ndani ya tairi la baiskeli ili unene, vidole vibane kidogo. Kukata kitambaa kuwe kazi ya mchana, asubuhi pima wateja na upange oda. Mukene, wale dagaa wadogo, kula kwa wingi, pamoja na mifupa yake, kwa sababu ya ile steroidi inayokula mifupa.

Mtoto. Hapa nakuomba unisikilize vizuri. Methotreksati huharibu mimba na inaweza kumlemaza mtoto tumboni, tena hainyonyeshewi. Kila mwanamke mwenye umri wa kuzaa alipaswa kuambiwa hivyo kabla ya kidonge cha kwanza, na kupewa njia ya uzazi wa mpango siku hiyohiyo. Kwenye barua yako sioni mahali ulipoambiwa. Kama hujapata damu ya mwezi kwa wakati wake, pima mimba kabla ya lolote. Kama huna mimba, chukua kinga sasa. Haina maana kwamba hutazaa! Mwambie daktari wazi kwamba unataka mtoto. Yeye hutuliza ugonjwa kwanza, kisha huisimamisha methotreksati mwezi mmoja hadi mitatu kabla ya kutafuta mimba, na kukuhamishia kwenye salfasalazini au haidroksiklorokwini, ambazo wajawazito hutumia. Wanawake wengi hupata nafuu wakiwa na mimba, kisha ugonjwa hurudi kwa nguvu wiki za baada ya kujifungua. Kwa hiyo panga mapema nani atakusaidia kubeba na kuosha mtoto miezi hiyo. Mume wako alisikie na hili, maana ni mpango wa watu wawili, na baba mtarajiwa asiyejua sababu ya kungoja ataona unamkimbia.

Sasa wenzangu wa vituo vya afya na maduka ya dawa, nanyi nina neno nanyi, kwa heshima. Najua foleni ilivyo, najua dawa zinavyochelewa kufika. Lakini mama akikueleza kwamba vidole vyake havikunji asubuhi, shika vifundo vya mkono wake ubane kwa upole upande na upande. Akiruka kwa maumivu, na ugumu wake unapita nusu saa, na hali hii imezidi wiki sita, usimwandikie brusela kwa kipimo kimoja cha haraka. Brusela ipo Uganda, hasa kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa mabichi, lakini kipimo kile kinaweza kukudanganya. Hata kipimo cha damu cha baridi yabisi kinaweza kukosa kuonyesha kitu kwa mwenye ugonjwa, au kumwonyesha mtu mwenye kifua kikuu au homa ya ini, kwa hiyo kisiwe cha kumfukuza mgonjwa. Mwandikie rufaa. Na kwenye bahasha ya methotreksati andika jina la siku. Usiandike namba tupu.

Kama wewe ni muuguzi wa kituo kilichotajwa kwenye barua hii, au cha aina yake, niandikie. Nitakutumia karatasi yenye mchoro wa viungo 28 na jinsi ya kuvihesabu, na nitamwuliza Mama Cherehani kama yuko radhi awe mgonjwa wako wa kwanza wa kujifunzia.

Sista